Bandari ya Kilwa na Wageni Wake wa Bara: Njia ya Songea

Mwaka 1331 mtu mmoja wa Tangier, mji wa Maghribi ulio karibu na mahali ambapo Bahari ya Kati hukutana na Bahari ya Atlantiki, aliteremka katika bandari ya Kilwa. Huyo ndiye Ibn Battuta, msafiri ambaye jina lake halihitaji maelezo kwa wasomaji wa taarikh ya pwani. Alikuwa amekwisha kuona bandari nyingi kabla ya hiyo. Miaka mitano nyuma alikuwa Alexandria, au Iskanderia kama waitavyo Waarabu, akautazama mnara wake mashuhuri uliokuwa ukiwaongoza mabaharia tangu zama za kale, akaona kwamba upande wake mmoja umekwisha kubomoka. Na aliporudi huko mwaka 1349 aliukuta umekuwa gofu lisiloingilika. Mtu huyo basi alikuwa na kipimo. Aliposema kwamba Kilwa ni miongoni mwa miji mizuri kabisa na iliyojengwa vyema, hakuwa akisema neno la mtu asiyetoka kwao.

Hata hivyo maneno yake juu ya Kilwa ni machache, na baadhi yake yamewatatiza wataalamu. Alisema nyumba ni za miti, hali sultani aliyemkaribisha, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye ambaye jina lake limekutwa katika maandishi ya Husuni Kubwa, jumba la mawe ambalo hata magofu yake yatosha kumnyamazisha mtazamaji. Labda kumbukumbu zilimchanganyikia, kwa kuwa kitabu chake alikisimulia Fez zaidi ya miaka ishirini baadaye, na kalamu ilikuwa ya Ibn Juzayy. Labda aliuangalia mji wa watu wa kawaida kuliko jumba la mfalme. Jambo hili limejadiliwa vya kutosha, wala si lengo la makala haya kulifufua.

Lililojadiliwa kidogo ni sentensi nyingine katika ukurasa ule ule. Ibn Battuta amsifu sultani kwa ukarimu, hata akaitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji. Kisha aeleza kwamba alikuwa akienda mara kwa mara kuvamia nchi ya Wazanji, akateka ngawira, na kutenga khumsi yake kama sheria inavyoamuru. Hayo ndiyo yote yasemwayo juu ya nchi iliyokuwa nyuma ya mgongo wa Kilwa. Bara, kwa macho ya mgeni aliyekuja kwa jahazi, ni mahali panapoendewa na kunyang'anywa, si mahali ambapo watu hutoka wakaja. Kila bandari ina milango miwili, mmoja wa maji na mmoja wa nchi kavu. Taarikh ya Kilwa, tangu Ibn Battuta mpaka vitabu vya karne yetu, imeandikwa na watu walioingia kwa mlango wa maji.

Lugha yenyewe yashuhudia jambo hili. Neno *bara* ni la Kiarabu, *barr*, na maana yake ya asili ni nchi kavu kinyume cha bahari. Kwa hiyo mtu asemaye "bara" amesimama majini, au ufukoni walau, akiitazama nchi kwa mbali. Neno *pwani*, kwa upande wa pili, ni la Kibantu kabisa: limetokana na kupwa kwa maji, nalo lamfaa mtu asimamaye mchangani akiyatazama maji yakienda zake. Mtu wa Songea aliyesema "nakwenda pwani" na mtu wa Kilwa aliyesema "nakwenda bara" hawakuwa wakiitaja njia moja kutoka ncha zake mbili tu. Mmoja alilitumia neno la watu wenye nchi, wa pili neno lililoletwa na upepo wa kaskazi.

Wageni wa mlango wa maji waweza kutajwa upesi, kwa sababu khabari zao ni maarufu. Vasco da Gama alifika mwaka 1502 akamlazimisha mtawala alipe kodi. Kwa dhahabu ya Kilwa ikatengenezwa mwaka 1506 ile monstrasi ya Belém, chombo cha ibada ambacho mpaka leo huonyeshwa katika makumbusho ya Lisbon. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, akajenga ngome, na Wareno wakaiacha mwaka 1512. Walichokiacha nyuma kwa muda mrefu zaidi kuliko ngome ni neno. *Gereza*, jina la ngome iliyopo sasa kisiwani, iliyojengwa upya baadaye na Waarabu wa Omani, husemwa kuwa limetokana na *igreja*, yaani kanisa; na katika safari yake kutoka nyumba ya ibada mpaka boma, na kutoka boma mpaka kifungo, yaweza kusomwa historia nzima ya wageni wale. Kisha mwaka 1776 alikuja Mfaransa Morice, akaandikiana mkataba na sultani wa Kilwa apate watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya Île de France, ambayo leo ni Morisi.

Mkataba wa Morice una maana kubwa kuliko urefu wake. Watu elfu moja kwa mwaka hawakuweza kutoka kisiwani, wala katika vijiji vya ng'ambo ya mlango wa bahari tu. Ilibidi watolewe mbali, na tangu hapo mlango wa nchi kavu, ambao wanataarikh hawakuujali, ukawa ndio mlango mkuu. Dhahabu ya Sofala ilikuwa ikija Kilwa kwa vyombo. Watumwa na pembe za ndovu zilikuja kwa miguu. Bandari inayongoja watu wa miguu haiwezi kukaa kisiwani. Ndiyo sababu katika karne ya 19 Kilwa Kisiwani ilififia, mtawala wake wa mwisho akahamishwa kwenda Maskati katika miaka ya 1840, na Kilwa Kivinje, iliyo juu ya bara lenyewe, ikastawi. Kama bandari, Kivinje haikuwa na sifa. Maji yake ni haba, na yanapokupwa vyombo hukaa mbali au hulala juu ya tope. Kisiwani kuna kina na hifadhi njema kupita kiasi. Baharia asingeichagua Kivinje. Aliyeichagua ni msafara.

Njia iliyoishia hapo ilipita Liwale, ikakata nyika kubwa ya kusini, ikafika nchi ya Wandendeule na Wangoni, na kuendelea mpaka Ziwa Nyasa. Kutoka Kivinje mpaka mahali palipo mji wa Songea ni zaidi ya kilomita 450 kwa mstari ulionyooka, na hakuna msafara uliowahi kwenda kwa mstari ulionyooka. Albrecht Roscher, Mdachi kijana, aliondoka Kilwa Agosti 1859, akafika ziwani Novemba, sehemu kubwa ya njia akiwa mgonjwa wa kubebwa; Machi mwaka uliofuata akauawa karibu na ziwa. Safari yake hukumbukwa katika vitabu kama safari ya uvumbuzi, ijapokuwa alifuata njia ya biashara iliyokuwa ikikanyagwa na maelfu.

Maelfu hao ndio wageni wa Kilwa wasiotajwa majina. Balozi wa Kiingereza huko Unguja, Rigby, alikadiria mwishoni mwa miaka ya 1850 kwamba watumwa wapatao 19,000 waliingizwa Unguja kwa mwaka, na walio wengi walitoka upande wa Ziwa Nyasa. Na mlango wao ulikuwa Kivinje. Mkataba wa 1873 ulipofunga soko la Unguja na kuzuia biashara hiyo baharini, misafara iligeuzwa ikapita nchi kavu kuelekea kaskazini, sambamba na pwani. Elton, aliyetumwa kuichunguza njia hiyo, alihesabu zaidi ya watu 4,000 wakipitishwa katika muda wa mwezi mmoja, mwisho wa 1873 na mwanzo wa 1874. Sultani Barghash alipiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876.

Hapa yafaa kusema wazi jambo ambalo waandishi wa Ungoni wakati mwingine hulipitia pembeni. Wangoni hawakuwa tu watu waliochukuliwa katika njia hii. Walikuja kutoka kusini baada ya kuvuka Zambezi mwaka 1835, wakakaa katika nchi ya Songea na kuanzisha falme mbili, Njelu na Mshope. Na vita vyao vilienea mpaka karibu na pwani, hata wakajulikana huko kwa majina ya Mafiti na Magwangwara, majina ya kutisha watoto. Mwaka 1882 waliivamia misheni ya Masasi wakachukua mateka. Mateka wengine walifanywa watu wa nyumbani, wakalelewa katika vikosi, wakawa Wangoni. Wengine waliuzwa kwa watu wa Kilwa kwa nguo, bunduki na baruti. Kwa hiyo mtu wa nchi hii aliweza kuifikia bandari ile kwa namna mbili zilizopingana: akiwa na mzigo wa pembe begani na kusudi la kurudi, au akiwa na mti wa kongwa shingoni. Njia ilikuwa moja, visima vilikuwa vile vile, na huenda wakati mwingine msafara ulikuwa mmoja.

Pwani nayo ilipanda bara. Rashid bin Masoud, mfanyabiashara aliyekuwa na makao Kikole, aliishi huko na watu wake kwa miaka mingi akinunua pembe na watumwa, na alikuwa na nguvu ya kutosha hata Wadachi walipokuja waliona heri kupatana naye. Kituo kama Kikole kilikuwa kipande cha Kilwa kilichopandikizwa porini: nguo za kiungwana, swala, bunduki, na Kiswahili. Wadachi walipojenga boma la Songea mwaka 1897, na mapadre Wabenediktini walipoanza Peramiho mwaka 1898, Kiswahili walichokitumia na wenyeji hakikuwa kigeni. Kilikuwa kimetangulia kwa mguu, kwa kizazi kizima au zaidi.

Jambo hili ni la thamani kwa wataalamu wa lugha kuliko linavyodhaniwa. Desturi imekuwa kueleza kuenea kwa Kiswahili kusini kwa kutaja serikali ya Kidachi, shule, na baadaye Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 na kukifanya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lakini Kiswahili kilichopanda njia ya Liwale hakikuwa Kiunguja. Kilikuwa lugha ya Kilwa na Mgao, nacho kilisemwa na wapagazi wa makabila mengi kabla ya kusemwa na mwalimu yeyote. Nchi iliyokipokea nayo ilikuwa katika msukosuko wa lugha usio na mfano karibu nayo. Wangoni waliokuja walikuwa wachache, na lugha yao ya asili, ndugu ya Kizulu, ilikuwa ikizimika katika vinywa vya wajukuu wao. Padre Johannes Spiss alipochapisha mwaka 1904 maelezo yake ya lugha za Ungoni, aliziita mbili: Kingoni na Kisutu, hii ya pili ikiwa lugha ya watu walioshindwa. Washindi waliendelea kuitwa *nkosi* na *nduna*; lakini watoto wao walilelewa na mama wa Kindendeule, wa Kimatengo, wa Kipangwa, na lugha ya mama ikashinda kimya kimya vita ambavyo baba zake walishindwa. Chingoni cha leo, kama kilivyoelezwa na Deo Ngonyani katika sarufi yake ya mwaka 2003, ni tunda la ushindi huo.

Katika hali kama hiyo, lugha ya tatu isiyo ya mshindi wala ya mshindwa ina nafasi yake. Kiswahili cha msafara hakikumdai mtu aseme kama bwana wake. Kilimdai ajue bei. Na maneno kiliyoyaacha yaweza kutengwa na yale yaliyoletwa baadaye na shule, mtafiti akiwa mvumilivu. Ngeli ya saba ya Chingoni ina kiambishi *chi-*, si *ki-*. Neno la Kiswahili lililoingia mapema, likafinyangwa na vinywa visivyojua kusoma, latarajiwa kuvaa vazi la wenyeji; neno lililoingia kwa kitabu laweza kubaki na umbo la kitabuni, kwa sababu mwanafunzi husahihishwa. Kipimo hiki si cha hakika peke yake, maana desturi huweza kulisawazisha hata neno jipya. Kikiunganishwa na maana ya neno, yaani kama ni la mizigo, nguo, vipimo na silaha, au ni la daftari na kodi, chaweza kutoa picha ya tabaka za lugha ambayo mawe ya Husuni Kubwa hayawezi kuitoa, kwa kuwa mawe yale hayajui lolote juu ya Liwale.

Mwaka 1905 njia ile ilipitisha kitu ambacho hakikuwa bidhaa. Kinjikitile Ngwale alikuwa ametoa dawa yake huko Ngarambe, nyuma ya Kilwa. Vita vilianza Nandete mwezi wa Julai, na Kinjikitile mwenyewe akanyongwa Mohoro mapema Agosti. Lakini maji yalikwisha kuanza safari. Yalifika Ungoni mwezi wa Septemba kwa mkono wa wajumbe waliotoka upande wa Wangindo, hasa yule akumbukwaye kwa jina la Kinjala, aliyempelekea Chabruma wa Mshope. Na katika Njelu yakapokewa na Mputa Gama na manduna wake, akiwamo Songea Mbano. Wasambazaji wa dawa walifuata vituo vya misafara, na neno lao walilipeleka kwa lugha iliyokuwa ikieleweka kila kituo. Maji yaliitwa *maji*, kwa Kiswahili, katika nchi ambayo kila kabila lilikuwa na neno lake la maji. Wanahistoria wameliona jina hilo kuwa ushahidi wa umoja wa makabila. Ni kweli, ila ni ushahidi pia wa barabara. Watu waliokuwa wametembezwa juu yake kwa minyororo, na watu waliowatembeza, walipewa neno moja walikimbilie.

Mwisho wake wajulikana. Tarehe 27 Februari 1906 watu zaidi ya 60 walinyongwa Songea kwa siku moja, Mputa akiwa miongoni mwao. Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye. Kivinje ilikuwa imekwisha kuona miti ya kunyongea mwaka 1895, aliponyongwa Hassan bin Omari Makunganya. Rashid bin Masoud alisimama upande wa Wadachi. Kisha njaa ikamaliza wengi walioachwa na risasi.

Habari za vita hivyo zilipotungwa kwa Kiswahili, zilitungwa pwani. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Whiteley kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ni kazi ya mtu aliyeyatazama mambo kutoka mjini. Hilo si kosa la mtunzi. Kila mtu huimba kutoka mlangoni pake. Lakini msomaji atafutaye sauti ya Ungoni hana budi kungoja mpaka miaka ya 1968 na 1969, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotumwa vijijini kuwasikiliza wazee. O. B. Mapunda na G. P. Mpangara walifanya kazi hiyo Songea, nao walichapisha matokeo yake mwaka 1969. Pengine waliohojiwa walikuwa kizazi cha mwisho kilichoweza kusimulia misafara kwa kusikia kutoka kwa wazazi waliotembea.

Baada ya vita njia ya Kilwa ilikufa, wala haikufa kwa uamuzi wa mtu mmoja. Boma lilielekea Lindi. Waingereza waliifanya nchi ya Songea kuwa ghala ya vibarua, na Wangoni wakaenda kwa maelfu kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, safari ambazo Gulliver alizichunguza katika ripoti yake ya mwaka 1955. Manamba aliyerudi alikuwa na habari za pwani nyingine kabisa, na Kiswahili kingine. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954 kwa tamaa ya karanga. Reli iliyokwenda nayo iliishia Nachingwea, haikufika Songea, ikang'olewa. Barabara ya lami ya Makambako ikaipeleka Songea Dar es Salaam. Sasa lami imefika Mtwara kupitia Tunduru, na makaa ya mawe ya Ngaka hupita humo kwa malori kwenda melini. Kilwa haimo katika njia yoyote ya hizi.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliwekwa mwaka 1981 katika orodha ya urithi wa dunia. Zilistahili. Kivinje haimo katika orodha hiyo: nyumba zake za Kihindi na za Kidachi zimeendelea kuporomoka karibu na soko la samaki, na mgeni apelekwaye Kilwa huonyeshwa msikiti mkuu na Husuni, yaani bandari ile ile aliyoiona mtu wa Tangier. Watu wa Songea hawakuwahi kuwa wageni wa bandari hiyo. Bandari yao ni ile yenye maji haba.

Songea kwenyewe makumbusho ya Majimaji yalifunguliwa mwaka 1980, karibu na kaburi la walionyongwa, na kila Februari watu hukusanyika hapo. Tarehe 1 Novemba 2023 alifika Rais Steinmeier wa Ujerumani, akaomba radhi mbele ya jamaa wa Songea Mbano. Jamaa hao wameshikilia kwa miaka mingi kwamba kichwa cha nduna kilikatwa na kupelekwa Ulaya, na Rais yule aliahidi kwamba kitatafutwa. Kama kilikwenda, kilitelemka kwanza pwani kwa njia mojawapo ya zile za misafara, kichwani au begani mwa mpagazi, kabla ya kupakiwa melini.